Mwongozo wa Fundi wa Jumapili

Kufungua kitu hakujawahi kuhitaji fundi. Mtoto wa miaka minne mwenye kijiko anaweza kufungua redio, na nyumba nyingi zina ushahidi. Kazi inaanza pale unapotaka kitu kirudi kilivyokuwa, kikisharudi kiwake, na kikishawaka kisitoe moshi. Mwongozo huu hautakufanya fundi. Umeandikwa kwa ajili ya yule atakayeifungua feni hata akikatazwa, ama kwa sababu fundi aliahidi saa nne na sasa ni saa tisa, ama kwa sababu ameona kwenye simu jamaa mwenye mikono misafi akibadilisha kitu hicho hicho kwa dakika tano bila kutoka jasho. Mtu huyo hazuiliki. Linalowezekana ni kumsaidia aharibu kidogo, aharibu kwa bei nafuu, na ajue pa kuishia.

Kwanza, usianze kazi yoyote Jumapili alasiri. Huo ndio wakati mkono unapowasha: umekula, umejinyoosha kidogo, umeamka na sauti ya bomba linalodondosha. Ni wakati huo huo ambapo duka la hadiwea la mtaani limefungwa, na lile moja lililo wazi lina wasa za robo tatu tu, ilhali yako ni ya nusu inchi. Fundi wako yuko harusini. Giza linaingia, na tochi ya simu yako inaomba chaji. Anza Jumamosi saa mbili asubuhi. Ukiharibu saa tatu, unayo siku nzima ya kutafuta spea na mtu wa kukuokoa.

Maji hayaji kutoka upande unaoudhania

Bomba la jikoni limewaponza wengi kwa sababu ugonjwa wake ni mdogo kweli. Ndani ya bomba la kuzungusha kuna kijiti cha shaba, na chini ya kijiti hicho kuna wasa ya mpira inayokalia tundu la maji. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, unapasuka, maji yanapenya. Kila wiki mnakaza kidogo zaidi, hadi inafika siku ambapo ni baba peke yake anayeweza kufunga bomba, na kwa nguvu zake hizo anausaga mpira uliobaki. Wasa ni bei ya chenji, na kuibadilisha ni kazi ya robo saa. Hayo yote ni kweli. Balaa huwa halitoki kwenye wasa.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu makini, alianza kwa kufunga maji kwenye mita, kama inavyoshauriwa. Akakunja mikono ya shati, akafungua kichwa cha bomba. Alichosahau ni kwamba jikoni kwake maji hayatoki moja kwa moja kwenye mita. Yanapandishwa na pampu hadi kwenye simtanki la lita 2,000 lililo juu ya mnara, ndipo yanashuka ndani. Lita 2,000 ni tani mbili za maji, na siku hiyo zilishuka kupitia bomba la nusu inchi zikimtafuta yeye. Akaziba kwa kidole gumba. Kidole kiliziba, lakini sasa alikuwa fundi aliyefungwa ukutani kwa mkono mmoja, simu ikiwa chumbani. Akamwita mjukuu: "Kafunge koki!" Mtoto msikivu akakimbia akafunga koki aliyoijua, yaani ya gesi. Bibi akatoka kuuliza kwa nini maharage yamezimika. Ndipo kikao cha familia kikafanyika, maji yakiwa ya kifundo cha mguu, kujadili koki ya tangi iko wapi.

Kwa hiyo, siku ambayo hakuna kilichoharibika, toka nje ufuate mabomba kwa macho. Jua lipi linatoka kwenye mita, lipi kwenye tangi, na kila moja linafungiwa wapi. Kisha izungushe kila koki, ufunge na kufungua, walau mara mbili kwa mwaka. Koki isiyoguswa kwa miaka inashikana kwa kutu, na siku ya mafuriko utabaki na mpini wake mkononi huku maji yakiendelea na safari. Waoneshe na watoto pia. Waambie na ya gesi ni ipi.

Siku ya kazi yenyewe, funga, halafu fungua bomba lenyewe na usubiri likauke. Likinyamaza kabisa ndipo ulete spana. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa kuwa skrubu ndogo ya mpini ikidondoka haijawahi kudondokea upande wa pili. Shika mwili wa bomba kwa mkono mmoja unapofungua kichwa kwa mwingine, la sivyo utaling'oa pamoja na kipande cha marumaru. Kwa kazi hii utahitaji ile spana ya mdomo wa kurekebisha, ambayo gereji zote nchini zina jina lake lisilofaa kuandikwa hapa. Irekebishe ibane barabara. Ikicheza, inalamba kona za nati hadi nati inakuwa duara, na nati duara ni kazi ya mtu mwingine.

Ile tepu nyeupe ya nyuzi inawashinda watu wengi kuliko wanavyokiri. Elekeza mdomo wa bomba usoni kwako, zungusha tepu kufuata mwendo wa saa, mara nne au tano, huku ukiivuta ikamate. Ukiizungusha kinyume, unapofunga inajikusanya mdomoni na kutoka nje, nawe utaongeza nyingine juu yake, na nyingine tena, hadi pale pana bandeji nene inayovuja vile vile. Na chochote cha plastiki, iwe nati ya chini ya sinki au ya tangi la choo, hufungwa kwa mkono. Spana ikigusa plastiki utasikia kishindo kidogo kikavu. Hicho ni kishindo cha pesa.

Nati zenye msimamo wao

Tumelelewa tukijua kwamba kulia ni kufunga na kushoto ni kufungua. Ni kweli, isipokuwa pale ambapo si kweli, na hapo ndipo wenye nguvu wanapoumbuka.

Shika baiskeli. Pedeli ya kulia inafuata sheria. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume: kuifungua unazungusha kulia. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu nyuzi za kawaida upande ule zingejilegeza zenyewe kadiri mtu anavyoendesha. Nimemwona shemeji wa mtu, kijana wa mazoezi, akipambana na pedeli hiyo. Spana ilipogoma akachomeka bomba la chuma kwenye mpini wake kuongeza urefu. Bomba lilipogoma wakaja vijana wawili wa kijiweni. Wote watatu walining'inia upande mmoja wakihesabu "moja, mbili, tatu," na kila walipofika tatu walikuwa wanaikaza pedeli ile kuliko ilivyowahi kukazwa tangu itoke kiwandani. Kilichokubali mwishoni ni ule mkono wa chuma unaobeba pedeli. Ulikatika vizuri sana.

Feni ya mezani nayo ni hivyo hivyo. Kile kifuniko cha plastiki kinachoshika panga katikati kwa kawaida hufunguka kwa kulia, maana mzunguko wa panga ungekilegeza kama kingekuwa cha kawaida. Mara nyingi pana mshale umechorwa pale pale, umefunikwa na vumbi. Futa vumbi kabla hujakunja ngumi. Nati za mitungi mingi ya gesi nazo ni za kinyume. Ukiona nati haisogei na unasikia hamu ya kutafuta bomba la kurefushia spana, simama. Jaribu upande mwingine kwa nguvu ya kawaida. Ikiwa bado, ipake mafuta ya kulegeza kutu, uende ukale. Mafuta yanahitaji muda wa kupenya, nawe unahitaji muda wa kupoa.

Trei ya mayai

Kila nyumba ina kopo, aghalabu la Blue Band, lenye skrubu ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi. Zilitoka kwenye vitu vilivyofungwa bila hizo. Blenda inafanya kazi, lakini sasa inatembea mezani. Pasi inapiga pasi, lakini mpini unanesa. Ukimaliza kufunga na ukabakiwa na skrubu mbili, usijiambie kwamba kiwanda kiliweka za akiba. Kiwanda kinabana hata senti ya rangi. Kama skrubu ilikuwamo, ilikuwa na kazi.

Dawa yake ni trei ya mayai ya karatasi, ile ya mayai thelathini. Kabla hujagusa kitu, piga picha. Toa skrubu za kwanza, ziweke shimo la kwanza. Piga picha tena, toa kinachofuata, weka shimo la pili. Endelea hivyo. Wakati wa kurudisha unatembea kinyumenyume kutoka shimo la mwisho hadi la kwanza, na trei ikiisha nawe umemaliza. Tandika shuka la rangi moja chini ili kitakachodondoka kionekane. Zima feni ya dari, maana wasa nyembamba zinaruka. Mpe mtoto mdogo kazi nyingine ya heshima mbali na hapo.

Usichanganye skrubu hata zikifanana. Kwenye simu na kompyuta mpakato, tofauti ya urefu inaweza kuwa milimita moja au chini ya hapo. Skrubu ndefu ukiifunga kwenye tundu la fupi inapita chini na kutoboa bodi, nawe utakuwa umeiua simu kwa kukaza vizuri. Tena, ukiwa ndani ya simu, betri isichokonolewe kwa bisibisi. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto, na moto huo hauzimwi kwa kupuliza, ingawa kila mtu hupuliza.

Kuhusu bisibisi yenyewe, ile ya nyota, kuna siri inayoeleza kwa nini skrubu za pikipiki hulika vichwa. Nyota tuliyoizoea ni ya Mmarekani Henry Phillips, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Skrubu za Kijapani zina nyota ya vipimo vyao wenyewe, inayofanana kwa macho tu. Bisibisi ya Phillips ikiingia kwenye nyota ya Kijapani haikai hadi chini, na ukikaza inapanda juu na kula kingo. Pikipiki na mashine nyingi zilizotuzunguka zina asili ya Japani, kwa hiyo unaona ukubwa wa tatizo. Bisibisi za nyota hiyo zipo madukani, ulizia. Kama huna, sukumia uzito wa mwili kwenye bisibisi kabla ya kuzungusha, sukuma zaidi ya unavyozungusha. Skrubu ikianza kulika, acha papo hapo. Katikati ya nyota na bisibisi weka kipande cha rababendi, ujaribu tena taratibu. Skrubu iliyolika nusu bado inatoka. Iliyolika yote inatolewa kwa drili, na mwenye drili ndiye aliyeko harusini.

Kuhusu nyundo, na Mwezi

Nyundo inapendwa kwa sababu ndicho kifaa pekee kisichohitaji kusoma maelekezo. Kugonga redio ikaimba kulikuwa na mantiki zamani, pale ambapo tatizo lilikuwa waya uliolegea. Kwenye vitu vya leo, kugonga ni kutoa hasira tu.

Hata hivyo usijidharau. Novemba 1969, wanaanga wa Apollo 12 walikuwa wametua Mwezini na kamera ya televisheni ya rangi. Alan Bean, akiisogeza, aliielekeza kwenye Jua kwa bahati mbaya, na picha ikafa. Mtu huyu, rubani aliyefunzwa kwa miaka, akaigonga kwa nyundo. Haikupona, na walimwengu waliokaa mbele ya televisheni wakabaki na sauti tu. Desemba 1972 ikawa zamu ya Apollo 17. Eugene Cernan alikuwa na nyundo mfukoni mwa vazi lake la anga, ikanasa kwenye madigadi ya gari lao la Mwezini na kuing'oa sehemu. Wakaibandika kwa tepu, tepu ikabanduka kwa sababu ya vumbi. Vumbi la Mwezi likawa linawamwagikia kila gurudumu likizunguka. Siku iliyofuata wakaunganisha ramani nne kwa tepu, wakazibana kwa vibanio vilivyotolewa kwenye taa za chombo chao, na madigadi hiyo ya karatasi ikafanya kazi hadi mwisho.

Tazama tofauti ya matengenezo ya kwanza na ya pili ya madigadi hiyo. Mara ya kwanza walibandika pale pale kwa haraka. Mara ya pili walilala kwanza, na wenzao wa kituo cha kuongozea safari, Houston, wakaijaribu njia hiyo chini huku kabla ya kuwaelekeza. Nawe unaweza kulala. Unaweza pia kumpigia mjomba aliyewahi kufanya kazi gereji.

Umeme, na hapa tupunguze utani

Kwenye umeme, fundi wa Jumapili ana mpaka wake, na mpaka huo ni plagi. Yaliyo ndani ya ukuta, kwenye sakiti breka na kwenye mita ya LUKU si yake. Mita ina sili na inatambua ikichokonolewa. Kazi ya nyaya za nyumba ni ya mtu mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.

Plagi ya pini tatu yenyewe inafaa kujifunza. Chomoa kwanza, nasema hivi kwa sababu yupo atakayesahau. Ukiifungua na kuitazama kwa ndani, pini ya ethi ikiwa juu, waya wa kahawia, yaani laivu, unakaa kulia palipo na fyuzi. Wa bluu, nyutro, unakaa kushoto. Wa kijani na njano ni wa ethi, unakwenda juu, nao uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa siku moja uwe wa mwisho kung'oka. Kwenye nyaya za zamani laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Bana gamba la nje la waya chini ya kile kibanio, la sivyo kila anayechomoa pasi kwa kuvuta waya atakuwa anakuja kufungua kazi yako upya.

Fyuzi ndipo watu wenye akili wanapofanya ujinga. Fyuzi ya ampea 13 kwenye umeme wetu wa volti 230 inapitisha karibu wati 3,000: hiyo ni ya pasi na birika. Taa ya mezani au redio inatosha ya ampea 3, chini kidogo ya wati 700. Fyuzi ikikatika, mtu anatoa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, anaizungusha, anairudisha, na kitu kinawaka. Anajisifu. Karatasi ile haikatiki. Sasa kitakachokatika badala yake, kwa kuwaka moto, ni waya wenyewe. Na ule mchezo wa kuchomeka mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili chaja ya miguu miwili iingie, unaondoa kinga iliyowekwa makusudi kuziba matundu ya umeme yasifikiwe na msumari wa mtoto. Adapta inauzwa kila kona.

Ukilazimika kugusa chochote baada ya kuzima swichi kubwa, usiiamini swichi. Jaribu tesita yako kwanza kwenye soketi yenye umeme uone inawaka. Kisha pima pale unapotaka kugusa. Kisha irudishe kwenye yenye umeme uhakikishe haijafa katikati ya safari. Na viko vitu viwili visivyofunguliwa kabisa hata vikiwa vimechomolewa: maikrowevu na TV ya kichogo. Ndani yao umeme mkali unabaki umehifadhiwa baada ya kuchomolewa, na unamsubiri mtu mdadisi.

Chini ya gari

Kubadilisha oili mwenyewe kunaokoa pesa, na ndiyo kazi ya gari inayofaa kuanza nayo. Kosa lake maarufu ni hili. Mtu anaingia chini, anaona bolti, anafungua. Kimiminika kinatoka. Anafurahi. Anafunga, anapanda juu, anamimina lita nne za oili mpya kwenye injini. Gari linawaka, linatoa moshi mwingi, halafu halitaki kuingia gia. Alichomwaga ni oili ya giaboksi. Injini sasa ina oili maradufu, giaboksi ni kavu. Angetazama rangi tu: ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu, ya injini iliyotumika ni kahawia hadi nyeusi. Ukifungua na kuona wekundu, funga haraka, uandike ulichokiona, umwite mtu. Na baada ya kufungua bolti yoyote, chomoa kijiti cha kupimia oili ya injini. Kama kiwango hakijashuka, hukufungua injini.

Filta ya zamani ikitoka, hakikisha imetoka na mpira wake. Mara nyingine mpira unabaki umeng'ang'ania injini, nawe unafunga filta mpya yenye mpira wake juu ya ule wa zamani. Gari litakubali kuwaka, litakubali kwenda hadi kwa mama mkwe, na huko litamwaga oili yote kwenye uwanja uliofagiliwa.

Mengine kwa ufupi. Nati za tairi zilegeze kidogo kabla ya kupandisha jeki, la sivyo utazungusha gurudumu zima hewani huku ukitukana. Wakati wa kufunga, ruka upande hadi upande, usifuate duara. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota spana. Rejeta ya moto haifunguliwi kifuniko, kwa kuwa maji yaliyobanwa mle yana joto kupita la sufuria inayochemka, na kifuniko kikiachia yanaruka yote usoni. Petroli haivutwi kwa mdomo na mpira. Inaingia mapafuni, na ladha yake ndilo dogo kati ya matatizo utakayokuwa nayo.

Tukirudi ndani ya nyumba, gesi ya kupikia ina sheria moja: uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Paka povu kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, pale panavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inajaa chini sakafuni, kwa hiyo harufu ikizidi fungua milango, usiguse swichi, toka.

Na kwa kuwa kila kazi iliyoshindikana huishia kwenye gundi ya supa: vidole vikishikana, usivute. Maji ya uvuguvugu na sabuni, subira, au dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni, mbali na macho. Usiifute gundi hiyo kwa pamba. Ikikutana na pamba inapata joto kali la ghafla, inaweza kukuunguza.

Fundi akifika

Utamwita. Tusidanganyane. Mazungumzo huwa hivi:

"Bosi, hii aliifungua nani?"

"Hata sijui, ilikuja hivyo hivyo."

"Ilikuja na tepu ya jana?"

Anajua. Alijua alipoona mikwaruzo mipya kwenye kichwa cha skrubu, na jinsi nati tatu zilivyokazwa zote ila moja. Kumficha kunakugharimu wewe, kwa sababu atatafuta ugonjwa wa mashine wakati tatizo ni ugonjwa wako. Pampu ya maji ikinguruma bila kuzunguka, fundi ataanza kufikiria kapasita. Lakini kama wewe uliifungua kapasita jana ukairudisha na waya mmoja umelegea, na hukusema, ataipima kapasita aione ni salama, kisha atafungua mota nzima, nawe utalipia saa mbili za kufungua mota isiyo na kosa.

Mwambie mambo matatu: kitu kilikuwa kinafanya nini kabla hujakigusa, ulifungua nini, na ulisikia au kunusa nini baada ya hapo. Mpe trei na picha. Mpe na vilivyovunjika. Kipande cha plastiki unachoona aibu kukionesha ndicho atakachokwenda nacho kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kulinganisha na spea. Kubalianeni bei kabla hajaanza, na umwambie unataka spea ya zamani mkononi akimaliza. Halafu kaa umtazame bila kumshauri. Ushauri wako umeshatumika. Tazama anaanzia wapi, anaacha nini bila kukigusa, anatumia namba gani za spana. Utaona 10, 12, 14 na 17 zikijirudia, na hizo ndizo za kununua ukipata pesa, nzuri chache badala ya seti kubwa ya chuma laini.

Akishalipwa na kuaga, rudi ukague alipokuwa amekaa: chini ya boneti, nyuma ya tangi, juu ya friji. Spana namba 10 ndiyo inayopotea kuliko zote duniani, na kuna uwezekano mkubwa ameiacha kwako. Mpigie kabla hajapanda daladala. La sivyo atarudi kesho saa moja asubuhi kuitafuta, akukute tayari umeshafungua kitu kingine.